Picha Niliyoishusha kwa Mikono Yangu

Kwanza tuelewane. Mkinikuta kanisani hapa Doonside, mkaambiwa "yule mama alikuwa akifanya kazi kiwandani", msikubali. Kiwandani hufanya kazi hata paka wa kukamata panya. Mimi nilikuwa fundi wa jibini. Miaka ishirini na kitu niligandisha maziwa kwenye kiwanda kimoja upande wa Liverpool, hii ya hapa Sydney si ya Uingereza, na kama umewahi kula feta kwenye saladi huku Sydney magharibi, huenda vidole vyangu vilipita hapo kabla ya ulimi wako. Feta, kwa asiyeijua, ni ile jibini nyeupe ya Wagiriki, yenye chumvi, inayokaa ndani ya maji yake.

Nawaandikia nyinyi vijana, mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kwa sababu ya msumari. Mbele ya kile kiwanda kuna duka dogo, na nyuma ya kaunta kuna ukuta wa picha. Wako mafundi wakuu wote, tangu yule wa kwanza. Ya mwisho ilikuwa picha yangu. Leo kwenye msumari wangu ametundikwa bibi kizee wa Kigiriki wa kuchorwa, mwenye kitambaa kichwani, ambaye hajawahi kuzaliwa wala kukamua hata mbuzi mmoja. Na aliyeshusha picha yangu ni mimi. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Mpaka leo nikikumbuka natamani kuirarua hiyo siku.

Nilifika nchi hii nikidhani nitavaa sare za uuguzi kama kila Mkenya. Vyeti vyangu vikakataliwa, nikapata kibarua cha kuosha mapipa. Yalikuwa mapipa makubwa ya mbao, ambamo jibini ya wateja wa maana ilikaa miezi ikiiva. Fundi mkuu alikuwa Mzee Thanasi, Mgiriki mfupi mwenye viganja vya mtu mrefu, aliyekuja na meli akiwa kijana. Wiki nzima hakunisalimia. Alikuwa anapita, anainama, ananusa pipa, anaguna, anaenda zake.

Sasa sikieni ushamba wangu. Mimi ni Mkalenjin wa Kericho. Kwetu, msichana anajua kutunza kibuyu cha mursik kabla hajajua kusuka nywele. Mursik mnaijua, yale maziwa lala ambayo wanariadha wetu hunyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na medali. Kibuyu chake hakioshwi kwa sabuni. Unachoma kijiti, unakisugua ndani kikiwa bado na kaa la moto, unakung'uta, ndipo unatia maziwa. Bila hivyo mama mkwe atakurudisha kwenu. Basi siku moja nikakuta pipa linanuka uchachu mbaya. Nikajisemea, maskini, hawa watu hawajui. Uani kulikuwa na mzeituni, nikaokota tawi kavu, nikawasha, nikaingia ndani ya pipa nusu mwili nikasugua mbao zote mpaka nikatoka nikikohoa. Halafu nikalirudisha kwenye mstari, nikajipongeza. Haki ya Mungu, sikumwambia mtu.

Pipa lilifunguliwa baada ya miezi. Jibini ilitoka na rangi ya majivu pembeni, na harufu ya moshi ikajaa chumba. George, mwenye kiwanda, Mgiriki naye, wakati huo ndiyo kwanza amerithi kwa baba yake, akapiga kelele aliyefanya hivyo afukuzwe leo leo. Mzee Thanasi alisogea kwenye pipa. Alikata kipande, akala. Akakata kingine. Kisha akatugeukia.

"Nani ameunguza pipa langu?"

"Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linanuka. Kwetu ndivyo tunavyosafisha."

"Kwenu kuna ng'ombe?"

"Kwetu ng'ombe ni wengi kuliko watu."

Akacheka mpaka akashika ukingo wa tangi. Kesho yake alinitoa kwenye kuosha akaniweka kwenye kugandisha. Na kila mwaka, kuelekea Pasaka, aliniamuru niunguze pipa moja, moja tu. Lilikuwa letu wafanyakazi, halikuuzwa. Wakaliita pipa la Chela, maana mimi ni Chelagat na yeye hakuwa na subira ya jina zima.

Huyo mzee alinifundisha vitu ambavyo hakuna kitabu kitakupa. Kwa mfano, utajuaje maziwa yameganda vya kutosha kukatwa? Vijana wa siku hizi wanaangalia saa. Ala! Maziwa hayana saa. Maziwa ya Januari, siku ambazo Penrith inaungua kwa joto, yanakimbia. Ya Julai, kwenye baridi, yanalala. Weka mgongo wa mkono penye ukingo wa tangi, sukuma taratibu. Ganda, yaani maziwa yaliyoshikana, likiachana na chuma bila kubakiza vipande, kata sasa hivi, usiende kupiga domo kwanza. Mimi nilipiga domo mara moja. Jibini ikatoka ngumu, na Mzee Thanasi alinilisha hiyo hiyo kwa chakula cha mchana mpaka ikaisha.

Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, ndipo akanipiga picha. Nimevaa aproni nyeupe na mabuti ya mpira, nimekunja uso kwa sababu jua lilikuwa machoni. Alileta msumari na nyundo kutoka kwake, akakataa kusaidiwa, akajigonga kidole gumba, akatukana Kigiriki kizima. Kisha akasimama nyuma, anafyonza kidole, anaitazama.

"Sasa hata nikifa," akasema, "wataona kazi yangu ilienda kwa nani."

Wanangu, nilikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, nina wajukuu, nililia chooni kiwandani kama mtoto. Nchi hii ilikuwa imenikataa kwa karatasi, na sasa niko ukutani. Sikutaka kingine.

Halafu ikaja mashine. Ilitoka Ulaya kwenye kontena, inachuja maziwa kabla hayajaganda, inafanya kwa saa moja kazi yetu ya asubuhi nzima. Chachu nayo tuliagiza kutoka Ulaya, vipakiti vya unga vilivyotengenezwa maabara. Na pamoja na mashine akaja mhandisi kijana wa huko huko, mpole, ana kalamu nne mfukoni. Akaona maji yetu ya chumvi ya zamani, yale tunamolaza jibini, akasema ni uchafu, yamwagwe, tuchanganye mapya. Nikamwambia, baba, usifanye hivyo, maji mapya ya chumvi yana njaa, yataila jibini. Akanitabasamia vile mtu anavyomtabasamia mtoto wa jirani.

Wiki haikuisha, jibini ikateleza kama bamia. Yule kijana akaandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi hawakufuata maelekezo. Mimi nilikuwa nimeficha mapipa matatu ya maji ya zamani nyuma ya stoo. George akanijia, ananong'ona, "Chela, tumia yale yako, lakini usimwambie. Bila sahihi yake mashine haina dhamana." Nikatumia. Jibini ikarudi sawa, mhandisi akapiga picha, akarudi kwao na ushindi wake. Sikujali sana. Nilijiambia ukutani pale inajulikana nani ni nani.

Mimi nilikuwa nadhani siasa ni mambo ya wanaopiga kelele bungeni. Sikujua siasa inaweza kuingia ndani ya ndoo ya maziwa. Miaka ya mwisho mwisho ya muongo ule, Ulaya na Australia wakaanza mazungumzo ya biashara, na Ulaya wakaja na orodha ya majina. Wakasema jina fulani ni la mahali fulani, mwingine asilitumie. Feta ilikuwamo. Feta ni ya Ugiriki, nyinyi huko mbali tafuteni jina lenu. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi ndio sisi tuliokuwa tumevaa mabuti.

George alituita kantini, uso umemwiva. "Wametuuzia mashine," akasema, "wametuuzia chachu, wametuletea hata mtu wa kutufundisha kuwasha. Lakini jina, hapana! Jina haliuzwi!" Tukampigia makofi, nami nikapiga kwa nguvu kuliko wote. Niliona ni kweli. Ni wizi kumfanyia mtu hivyo, uchukue jasho lake umwachie chombo kitupu.

Nilimpelekea Mzee Thanasi habari nyumbani kwake. Alikuwa ameanza kutetemeka mikono, lakini kichwa kilikuwa kizima. Alikasirika mpaka kahawa ikamwagika.

"Mama yangu alikuwa akiiweka kwenye ngozi ya mbuzi," akasema. "Nimezaliwa nayo. Leo karani ananiambia, ukipanda meli, jina linabaki bandarini?"

Ikapangwa watu wa serikali waje kutembelea kiwanda, pamoja na wageni wawili kutoka Ulaya. George alihangaika wiki nzima. Akapaka rangi mlango, akatafuta bendera, akaandaa hotuba. Asubuhi ya siku yenyewe akanifuata kwenye tangi. Hakuniangalia usoni, aliangalia maziwa.

"Chela, nina ombi dogo. Kesi yetu ni kwamba Wagiriki walihama na jina lao. Ni urithi wa damu. Sasa wakiona ukutani..." Akafuta ukingo wa tangi kwa kidole. "Unaelewa. Watasema, kumbe yeyote anaweza kuitengeneza, basi ni kiwanda tu. Ni kwa siku moja. Kesho narudisha mimi mwenyewe."

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mimi nilisema, "Hakuna shida, bosi." Hata hakuniamuru. Nilikausha mikono, nikaenda dukani, nikapanda kistuli, nikaishusha. Nikaifunga kwa taulo nikaiweka kwenye kabati langu la nguo. Nilijiona mtu mwema. Nilijiambia natetea jina la Mzee Thanasi.

Wageni wakaja. Mzee Thanasi aliletwa kwa gari, akavalishwa aproni mpya, akaketishwa kitini mbele ya ukuta. Alisimulia vizuri, kijiji, mbuzi, meli, wakasikiliza. Yule mmoja wa Ulaya alionja jibini, akafumba macho, akaonja tena. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya vipande, kazi yangu siku hiyo ilikuwa kushika trei. Ndipo mzee akageuza shingo kuwaonyesha picha, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye msumari mtupu.

"Picha ya Chela iko wapi?"

George akacheka. "Mzee amechoka kidogo. Pole, miaka imekwenda."

"Ilikuwa hapa. Niliigongomea mimi. Nilijigonga kidole." Akainua kidole gumba awaonyeshe, kinatetemeka. Wageni wakatabasamu kwa huruma. Mzee akanitafuta kwa macho, akaniona. "Chela. Waambie."

Nikaangalia trei.

Nilihesabu vipande vya jibini kana kwamba vinaweza kukimbia. Kisha nikamsikia anasema, sauti ya chini kabisa, "Labda nimechanganya." George akamgusa bega, wakaendelea na hotuba.

Wanangu, mimi nimefanya makosa mengi. Nimeharibu maziwa ya siku nzima, nimeunguza pipa, nimempa kisogo dada yangu kwa miaka mitatu. Lakini hakuna linaloniamsha kama hilo. Mtu aliyenipa ufundi wake wote, nilimwacha aamini mbele ya watu kwamba akili zake zimemtoka. Na baada ya mwaka mmoja zilianza kumtoka kweli. Daktari alisema ni uzee. Mimi daktari sikumwambia kitu.

Picha haikurudi. Kwanza ukuta ulikuwa unapakwa rangi. Kisha kulikuwa na wageni wengine wanakuja. Kisha George akasema tungoje mazungumzo ya wakubwa yaishe. Hadi nastaafu walikuwa bado wanazungumza, jina liko mezani, hakuna aliyeshinda wala kushindwa. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuombi umshikie miguu akupige.

Kwa hofu ya kupokonywa jina, George akatafuta jibini mpya ambayo hakuna Mzungu wa Ulaya angeidai. Akakumbuka pipa la Pasaka. Akaniuliza linaunguzwaje. Mjinga mimi, nilimwonyesha yote: tawi la mzeituni, kiasi cha moto, namna ya kusugua kuanzia chini kwenda juu. Miezi michache baadaye ikawa kwenye supamaketi. Lebo ilisema "Kama Bibi Alivyoitengeneza", na pale juu ndiye yule kizee wa kuchorwa, waliyemtundika pia kwenye msumari wangu. Nilienda nayo ofisini kwake.

"George, huyu bibi ni nani?"

"Ni picha ya biashara tu, Chela. Wateja wanapenda bibi."

"Mimi pia ni bibi. Nina wajukuu watano."

Akacheka, akidhani natania. Alipoona sicheki akasema, kwa upole kabisa, "Lakini wewe si ilikuwa bahati mbaya tu? Ulikuwa unasafisha pipa." Yule yule aliyelia kantini kwamba watu wanachukua jasho la wengine. Na nadhani hata hakujisikia. Mtu akinyang'anywa hujua sana uchungu wake, lakini haumfundishi kitu kuhusu wako. Mwezi uliofuata nilirudisha aproni. Wakanipa keki na kadi, jina langu limeandikwa vibaya.

Mzee Thanasi alikuwa ameshapelekwa kwenye nyumba ya wazee, karibu na hospitali. Nilikuwa namtembelea kila Alhamisi. Alikuwa haniiti Chela tena, ananiita sista, anadhani mimi ni mmoja wa wauguzi, maana wengi pale ni Wakenya wenzetu. Sikumsahihisha. Nani mimi wa kumsahihisha? Alhamisi moja nilipita dukani nikanunua pakiti ya ile ya moshi. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka kumlalamikia mtu, hata kama hasikii. Nikamkatia kipande, nikamwekea mdomoni.

Alitafuna polepole. Akaacha. Akanusa vidole vyangu. Kisha akaketi wima kitandani, uso umekunjamana kwa hasira ile ya zamani.

"Nani ameunguza pipa langu?"

Wanjiru, binti muuguzi aliyekuwa anabadilisha mto, akanitazama bila kuelewa.

"Ni mimi, Mzee," nikasema.

Akanikodolea macho kwa muda mrefu. "Chela," akasema. "Picha yako waliitoa."

"Niliitoa mimi. Hukuchanganya siku ile. Ilikuwepo, nami niliitoa, nikanyamaza. Nisamehe."

Akafungua mdomo nimpe kipande kingine. Nikampa. Alikula chote, akafuta midevu, akaniuliza, "Sista, leo kuna supu gani?" Sijui kama alisikia nilichosema. Wanjiru akatoka nami hadi kwenye lifti. "Anti," akaniuliza, "kwani ile jibini ya bibi ni yako? Sisi huinunua kila wiki." Nikasema ndiyo. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza.

Mzee alifariki majira ya baridi. Kanisani, George alisoma hotuba nzuri, akasema marehemu aliikabidhi familia ya kina George ufundi wa mababu, na familia itaulinda. Nilikuwa benchi la nne. Nilitaka kusimama. Magoti yalijiandaa, wallahi yalijiandaa. Lakini ulikuwa msiba wa watu, kwaya ikaanza, nikabaki nimekaa. Ndiyo mara ya pili.

Ile picha iko hapa kwangu, juu ya friji, na taulo lake. Mkija mtaiona, na nitawaonyesha namna ya kusukuma ganda kwa mgongo wa mkono, maana hilo hakuna aliyeninyang'anya. Nyinyi mtafanya kazi kubwa kuliko yangu, kwenye maabara na maofisi, na ipo siku mtaombwa. Atakuja mtu mnayempenda, kwa upole, kwa sababu nzuri kabisa, awaombe msogee kando kwa siku moja tu. Msigombane naye. Mwambieni sawa, kistuli kile pale, na mumwache aishushe picha mwenyewe, kwa mikono yake, watu wakiona.